Mombasa iliyoko angani: Jinsi maumbo na kasoko za asteroidi zinavyochunguzwa kwa darubini

IKO Mombasa nyingine isiyofikika kwa garimoshi wala kwa ndege. Ni jiwe jeusi lenye kipenyo cha kilomita 57 hivi, linalozunguka Jua katika ukanda ulio kati ya sayari za Mirihi na Mshtarii. Katika orodha ya wanafalaki, jiwe hilo lina nambari 1428. Liligunduliwa mwaka wa 1937 na Cyril Jackson, mwanafalaki aliyekuwa akifanya kazi katika kituo cha kuchunguza anga cha Johannesburg, Afrika Kusini. Jackson alipenda kuyapa mawe yake majina ya bara hili. Mnamo 1933 alikuwa amekwisha kugundua Kenya, ambayo ni nambari 1278, na Uganda, nambari 1279. Katika mwaka ule ule wa Mombasa akaongeza Ruvuma na Pemba.

Mawe ya aina hii huitwa asteroidi. Ni masalio ya vifusi vilivyobaki sayari zilipokuwa zikiumbika, yapata miaka bilioni 4.6 iliyopita. Ya kwanza kuonekana ilikuwa Ceres, iliyogunduliwa na Giuseppe Piazzi mjini Palermo, Italia, usiku wa Januari 1, 1801. Hivi leo zinajulikana zaidi ya milioni moja, lakini nyingi ni ndogo mno. Zenye upana wa kilomita 100 na zaidi ni takribani mia mbili tu, na hizo ndizo zinazowashughulisha wanaotaka kujua maumbo na makovu yake.

Makovu hayo ni kasoko, yaani mashimo ya duara yaliyochimbwa na mawe mengine yaliyogonga hapo. Msomaji asiyachanganye na kasoko za Menengai na Longonot, ambazo ni kazi ya volkeno. Kasoko ya asteroidi ni kumbukumbu ya ajali. Wingi wa mashimo hayo hudokeza umri wa uso wa jiwe, nayo shimo kubwa kupita kiasi huonyesha kwamba jiwe lilinusurika kuvunjika. Umbo nalo lina habari zake. Likijulikana pamoja na uzito, mtaalamu anaweza kukokotoa iwapo jiwe ni gumu hadi kiini au ni rundo la kokoto zilizoshikana.

Ugumu uko katika umbali. Mombasa ya angani, ikiwa kilomita milioni 300 kutoka Duniani, huonekana kwa ukubwa ule ule wa sarafu ya shilingi 20 iliyowekwa Nakuru na kutazamwa kutoka Nairobi. Hata Vesta, ambayo upana wake ni kilomita 525 hivi na ambayo huweza kuonekana kwa darubini ndogo ya kushika mkononi, hubaki nukta tu kwa darubini za kawaida. Hewa ya Dunia hutikisika na kuifanya nuru imetemete, na kumetameta huko hufuta kila kilicho kidogo.

Kwa sababu hiyo, kwa muda mrefu wanafalaki walitegemea njia ya mzunguko. Asteroidi hujizungusha kama pia. Ikiwa ni ndefu kama kiazi kitamu, mwanga wake huongezeka inapoonyesha ubavu na kupungua inapoonyesha ncha. Mtu akiupima mwanga huo usiku baada ya usiku, kisha akarudia vipimo miaka mingine jiwe likiwa pembe nyingine, anaweza kuchora umbo lake bila kuliona kamwe. Vesta humaliza mzunguko mmoja kwa saa tano na dakika 20. Asteroidi Kenya, ambayo upana wake ni kilomita 20 hivi, ni mvivu ajabu: inakadiriwa kuchukua saa 188, yaani karibu siku nane. Mtazamaji aliye mahali pamoja huambulia kipande kidogo tu cha mzunguko huo kila usiku, na ndiyo maana jiwe kama hilo huhitaji watazamaji walio katika nchi mbalimbali wanaopokezana kazi.

Njia ya pili ni kusubiri asteroidi ipite mbele ya nyota. Nyota hutoweka kwa sekunde chache, na kivuli kilichoangushwa na jiwe hilo hupita juu ya Dunia kikiwa na upana sawa na wa jiwe lenyewe. Kivuli cha Mombasa, kwa mfano, kingekuwa na upana unaokaribia umbali wa kutoka Thika hadi Ngong. Tuseme kimepita juu ya Nairobi. Mtazamaji aliye juu ya paa la jumba katikati ya jiji, wa pili Lavington, wa tatu Karen na wa nne Kikuyu, kila mmoja ataandika muda tofauti wa kutoweka kwa nyota. Kila muda ni mstari mmoja unaokata jiwe, na mistari hiyo ikipangwa, umbo hujitokeza. Kazi hii haidai darubini ya mamilioni ya shilingi. Inadai saa sahihi, kamera, na watu wanaokubali kusimama mahali tofauti wakati mmoja. Mwangaza wa taa za jiji, ambao ni adui wa mengi katika falaki, hauizuii sana mradi nyota yenyewe iwe angavu.

Picha halisi za kasoko zilisubiri mitambo mikubwa. Mwaka wa 1996 darubini ya Hubble, iliyo nje ya hewa ya Dunia, ilielekezwa kwa Vesta, na matokeo yaliyotangazwa mwaka uliofuata yalionyesha shimo lenye upana wa kilomita 460 katika ncha ya kusini. Shimo hilo lilikuwa karibu sawa na upana wa Vesta yenyewe. Chombo cha Dawn kilichofika huko Julai 2011 kilithibitisha habari hiyo. Kiliupima upana kuwa kilomita 500 hivi, na kikagundua chini yake shimo jingine la kale zaidi. Shimo kubwa liliitwa Rheasilvia, la kale likaitwa Veneneia.

Hapo ndipo habari hii inaporudi karibu na nyumbani. Aprili 22, 1942, kimondo kilianguka Kapoeta, katika eneo ambalo sasa ni Sudan Kusini, si mbali na mpaka wa Kenya. Kimo katika kundi la mawe ambayo nuru yake hufanana na ile ya Vesta, ufanano uliotambuliwa kwa darubini mwaka wa 1970. Wataalamu wengi wanaamini kwamba mawe ya kundi hilo yalirushwa angani na migongano iliyoichimba Vesta. Aliyeokota kipande Kapoeta aliokota, kwa uwezekano mkubwa, kifusi cha kasoko iliyokuja kuonekana nusu karne baadaye.

Kwa darubini za ardhini, hatua kubwa ilipigwa Chile. Katika mlima wa Paranal kuna darubini yenye kioo cha mita 8.2 na mtambo uitwao SPHERE, ambao una kioo kingine chembamba kinachojikunja zaidi ya mara elfu moja kwa sekunde ili kufuta mtikisiko wa hewa. Kati ya 2017 na 2019, kikundi kilichoongozwa na Pierre Vernazza wa Ufaransa kilipiga picha asteroidi kubwa, na mwaka wa 2021 kikatoa picha za 42 kati yake. Pallas ilionekana imejaa mashimo kama mpira wa gofu: mashimo 36 yenye upana wa zaidi ya kilomita 30 yalihesabiwa. Sababu ni kwamba njia ya Pallas imeinama sana, hivyo hukatiza ukanda kwa pembe na kugongana na wenzake kwa kasi kubwa. Hygiea, yenye upana wa kilomita 430 hivi, iliwashangaza kwa kinyume chake. Wataalamu walitarajia shimo kubwa, kwa kuwa maelfu ya mawe madogo yanajulikana kuwa yalitoka kwake, lakini wakakuta tufe karibu kamili. Maelezo yaliyotolewa ni kwamba Hygiea ilivunjwavunjwa yote miaka bilioni mbili iliyopita, na vipande vikajikusanya upya. Kleopatra nayo ina umbo la mfupa, na miezi miwili huizunguka.

Mmoja wa watafiti hao, Michaël Marsset, alishiriki pia utafiti wa 2024 unaohusisha vimondo vya aina ya L na jamii ya asteroidi Massalia. Wakenya wana sababu ya kuupokea utafiti huo kwa makini, kwa kuwa mawe yaliyoanguka karibu na Thika mnamo Julai 16, 2011 ni ya aina hiyo hiyo ya L.

Je, jiji la Nairobi lina nafasi gani katika kazi hii? Fizikia ya anga hufundishwa katika bewa la Chiromo la Chuo Kikuu cha Nairobi, karibu na Westlands, na pia katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya kilicho kwenye barabara ya Haile Selassie. Susan Murabana na mumewe Daniel Chu Owen, waanzilishi wa mradi wa Travelling Telescope, wamekuwa wakizungusha shuleni darubini yenye kioo cha sentimita 30. Darubini ya kiasi hicho ikifungwa kamera inatosha kupima mwanga wa Kleopatra unavyopanda na kushuka, japo haiwezi kuonyesha kasoko hata moja. Kilichopungua ni mazoea ya kupima usiku baada ya usiku na kuwapelekea wengine matokeo.

Mahali penyewe pamebarikiwa. Nairobi iko karibu mno na ikweta, hivyo mtazamaji huona anga ya kaskazini na ya kusini, jambo ambalo Paranal na Hawaii haziwezi kulipata kwa ukamilifu. Iko pia mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Dosari ni mawingu, hasa Julai na Agosti, na mwangaza unaozidi kuenea kuelekea magharibi kadiri majumba yanavyojengwa Kileleshwa, Kangemi na Kikuyu. Ndiyo maana mpango wa kujenga darubini kubwa ya kwanza ya utafiti nchini, unaoshirikisha Shirika la Anga za Juu la Kenya, umeelekeza macho kwenye milima ya kaskazini.

Jaribio la karibu lina tarehe yake. Usiku wa kuamkia Aprili 14, 2029, saa saba kasorobo kwa saa za Afrika Mashariki, asteroidi Apophis itapita kilomita 32,000 hivi juu ya uso wa Dunia, chini ya njia ya satelaiti nyingi za mawasiliano. Haitagonga, vipimo vya 2021 viliondoa hofu hiyo kwa angalau miaka 100. Upana wake ni mita 340 hivi, na Afrika ni miongoni mwa sehemu ambako itaweza kuonekana kwa macho matupu, ikienda kama nyota inayotembea. Inatarajiwa kwamba mvuto wa Dunia utabadilisha namna jiwe hilo linavyobingirika, na badiliko hilo litasomwa katika mwanga wake na darubini ndogo zilizotawanyika nchi nyingi. Aprili ni kilele cha masika jijini Nairobi. Watakaotaka kupima watahitaji kuwa na kituo cha pili mahali pakavu zaidi, pengine Turkana, na kukizoea kabla ya usiku huo.