Duniani Wawili Wawili: Habari za Kupima Utambuzi wa Sura

Mwezi wa Desemba 1895, katika barabara ya Victoria mjini London, mwanamke mmoja alimkabili Adolf Beck, mtu wa asili ya Norwe, akamtuhumu kuwa ndiye aliyemlaghai saa na pete zake; naye Beck, ambaye hakupata kumwona mwanamke huyo maishani mwake, alimwendea askari kushtaki kwamba anasumbuliwa njiani, asijue kuwa anaingia kwa miguu yake katika msiba wa miaka mingi. Wanawake wengine waliolaghaiwa wakaletwa kumtazama, na wengi wao wakaapa kuwa ni yeye. Kisha akaja askari mstaafu, aliyepata kumkamata laghai aitwaye John Smith mwaka 1877, akala yamini kuwa Beck na Smith ni mtu mmoja. Mwaka 1896 Beck alihukumiwa kifungo cha miaka saba, na gerezani akapewa nambari ya zamani ya Smith.

Mwaka 1898 ilidhihirika katika daftari za gereza kuwa Smith alikuwa ametahiriwa, ilhali Beck hakutahiriwa. Wakubwa wakambadilishia nambari, wakamwacha alimo! Alitoka mwaka 1901. Mwaka 1904 akakamatwa tena kwa tuhuma zile zile, wanawake wengine wakamtambua, akapatikana na hatia, na alipokuwa akingoja hukumu yake ndipo Smith mwenyewe alipotiwa mbaroni. Beck akapewa msamaha na fidia ya pauni 5,000, na kisa chake kilikuwa miongoni mwa sababu kubwa za kuundwa mahakama ya rufani za jinai nchini Uingereza mwaka 1907.

Mashahidi wale hawakuwa waongo, na duniani, kama tusemavyo, wawili wawili. Lakini katika kelele zote zilizofuata, suala la kuwa huenda jicho la shahidi mmoja si sawa na la mwenziwe halikupewa uzito, na elimu ya kulipima ilikawia mno. Ilianzia kwa wagonjwa: mwaka 1947 tabibu Mjerumani Joachim Bodamer aliandika habari za watu waliojeruhiwa kichwani, ambao hawakuweza tena kutambua nyuso za watu waliowazoea, na mwaka 1968 Arthur Benton na Maurice Van Allen wakatoa mtihani wa kupambanisha picha za nyuso, kusudi lake likiwa kuchunguza waliodhurika ubongo. Wenye siha waliachwa, kwa dhana kwamba wote wako sawa.

Mizani ya watu wote ilikuja mwaka 2006, kwa kazi ya Brad Duchaine na Ken Nakayama. Mtahiniwa huonyeshwa nyuso sita za wanaume, zilizokatwa nywele zisisaidie, kisha kila mara huchagua uso aliojifunza kati ya nyuso tatu: kwanza picha zile zile, kisha picha mpya zenye mwanga na mkao mwingine, mwisho picha zilizotiwa ukungu. Maswali ni 72. Mwenye kubahatisha hupata kiasi cha 24, na mtu wa kawaida hukaribia 58. Mwaka 2009 Richard Russell pamoja na hao wawili wakaeleza habari za watu wanne ambao kipawa chao kilipita kiasi cha kawaida kwa mbali sana.

Kinachotughuri ni nyuso za jamaa zetu, kwa kuwa hizo huzikosi hata gizani, ukadhani una jicho kali kwa kila uso. Mwaka 2011 Rob Jenkins na wenziwe waliwapa watu picha 40 za wanawake wawili tu wasiowajua, wazigawe kwa kadiri ya watu wanaowaona. Aghalabu walitoa mafungu saba au manane, hali waliowajua wanawake wale waligawa mawili bila ya taabu.

Mwaka 2014 David White na wenziwe waliwapima maafisa wa pasipoti wa Australia, wakaona kuwa mtu na picha isiyo yake walipitishwa kiasi cha mara 14 katika mia, kwamba maafisa hao hawakuwashinda wanafunzi, na kwamba baina ya afisa na afisa tofauti ilikuwa kubwa, wala haikutokana na miaka ya utumishi. Kwa hiyo anayetaka mlinzi hodari wa mpakani na ampime kabla ya kumwajiri, asitegemee kwamba kazi itamfundisha.