Uchaguzi wa Wabunge wa Mwaka 2010 Mkoani Shinyanga

Uchaguzi wa wabunge wa mwaka 2010 mkoani Shinyanga ulifanyika Jumapili, tarehe 31 Oktoba, pamoja na uchaguzi wa Rais na wa madiwani. Ulikuwa uchaguzi mkuu wa mwisho wa Shinyanga ya zamani, mkoa ulioanzia Meatu, Maswa na Bariadi upande wa mashariki ukaishia Mbogwe na Bukombe upande wa magharibi. Chama Cha Mapinduzi (CCM) kilibaki na majimbo mengi, lakini vyama vya upinzani viliondoka na matano. Jimbo la sita, Shinyanga Mjini, liliviponyoka kwa kura moja.

Mandharinyuma

Mwaka 2005 Jakaya Kikwete alikuwa ameingia Ikulu kwa asilimia 80 ya kura, huku chama cha upinzani cha CHADEMA kikipata wabunge watano tu wa majimbo nchi nzima. Katika miaka mitano iliyofuata, mambo ya Kanda ya Ziwa yalivuma hadi bungeni. Agosti 2007, Zitto Kabwe, mbunge wa CHADEMA, alisimamishwa ubunge kwa muda baada ya kutaka mkataba wa mgodi wa Buzwagi uchunguzwe. Mgodi huo wa dhahabu uko Kahama, wilaya ambayo tayari ilikuwa na mgodi wa Bulyanhulu tangu 2001, na Buzwagi wenyewe ulianza kuzalisha mwaka 2009. Hoja ya nani ananufaika na dhahabu ilizaa kamati iliyoongozwa na Jaji Mark Bomani, kisha Sheria ya Madini ya mwaka 2010, iliyopandisha mrabaha wa dhahabu kutoka asilimia 3 hadi 4. Sheria hiyo ilipitishwa Aprili, miezi sita kabla ya kura.

Ndani ya CCM nako kulikuwa na jambo jipya. Kura za maoni za mwaka huo zilifunguliwa kwa wanachama wote, badala ya kuachiwa wajumbe wa mikutano. Joto la uchaguzi lilipanda tangu Agosti, na baadhi ya walioanguka walihama chama.

Upigaji kura

Mpiga kura wa kata ya Nyahanga, mjini Kahama, alipewa karatasi tatu: ya Rais, ya mbunge na ya diwani. Kura zilihesabiwa pale pale kituoni mbele ya mawakala wa vyama, matokeo yakabandikwa nje, kisha yakapelekwa kwa msimamizi wa uchaguzi kujumlishwa kwa jimbo zima. Kwa sheria ya Tanzania, mbunge hahitaji nusu ya kura. Anayewazidi wenzake ndiye mshindi, hata akiwazidi kwa kura moja.

Matokeo

Nyahanga wakati huo ilikuwa ndani ya jimbo la Kahama, ambalo James Lembeli wa CCM, aliyewahi kuwa msemaji wa Shirika la Hifadhi za Taifa, alilitetea. Jirani yake wa Msalala, Ezekiel Maige, naye alirudi bungeni kwa tiketi ya CCM, na Ahmed Salum akaendelea kuishika Solwa. Kishapu, yenye mgodi wa almasi wa Mwadui, ilimpata Suleiman Nchambi wa chama hicho hicho.

Upepo ulivuma vingine pembezoni mwa mkoa. Bukombe ilimchagua Profesa Kulikoyela Kahigi wa CHADEMA, mwanaisimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ambaye wasomaji wa ushairi walimfahamu tangu miaka ya 1970, alipotoa Malenga wa Bara pamoja na M. M. Mulokozi. Maswa Magharibi ilikwenda kwa John Shibuda, aliyekuwa mbunge wa CCM kabla ya kuhamia CHADEMA. Maswa Mashariki ilimchagua Sylvester Kasulumbayi na Meatu ikamchagua Meshack Opulukwa, wote wa CHADEMA. Bariadi Mashariki ilibaki kwa John Cheyo, mwenyekiti wa UDP aliyejulikana kwa jina la Bwana Mapesa. Kiti hicho ndicho pekee ambacho chama chake kilipata nchini.

Shinyanga Mjini ndiko roho zilikokuwa juu zaidi. Stephen Masele wa CCM alitangazwa mshindi dhidi ya Phillip Shelembi wa CHADEMA kwa tofauti ya kura moja.

Tofauti hiyo inastahili kutazamwa pamoja na takwimu za taifa. Nchi nzima, watu milioni 20.1 walikuwa wamejiandikisha, lakini waliopiga kura hawakufika milioni 8.7, sawa na asilimia 42.8. Mwaka 2005 waliojitokeza walikuwa asilimia 72. Katika uchaguzi ambao zaidi ya nusu ya wenye shahada za kupigia kura walibaki nyumbani, watu wawili tu walioghairi kwenda kituoni mjini Shinyanga wangeweza kubadilisha mbunge.

Kwa jumla ya Tanzania, CCM ilipata majimbo 186 kati ya 239, CUF 24, CHADEMA 23, NCCR-Mageuzi manne, TLP moja na UDP moja. Kikwete alishinda urais kwa asilimia 62.8, akifuatiwa na Dk. Willibrod Slaa wa CHADEMA mwenye 27.1. Katika viti maalumu, mkoa uliwakilishwa na wanawake wa pande zote mbili, wakiwamo Azza Hillal Hamad wa CCM na Rachel Mashishanga wa CHADEMA.

Baada ya uchaguzi

Wabunge wawili wa wilaya ya Kahama, Maige na Lembeli, walipita njia tofauti. Maige, aliyeteuliwa Waziri wa Maliasili na Utalii, aliachwa nje ya baraza la mawaziri Mei 2012. Lembeli aliongoza kamati ya Bunge ambayo taarifa yake kuhusu Operesheni Tokomeza, iliyolenga ujangili, Desemba 2013, iliwang'oa mawaziri wanne.

Machi 2012 mkoa uligawanywa. Bukombe na Mbogwe zilihamia mkoa mpya wa Geita, nazo Maswa, Meatu na Bariadi zikaunda Simiyu pamoja na Busega na Itilima. Majimbo yote matano ya upinzani yakawa nje ya Shinyanga, na mwaka 2015 yote yalirudi CCM. Bukombe ilimchagua Doto Biteko, aliyekuja kuwa Naibu Waziri Mkuu mwaka 2023. Cheyo naye alishindwa na Njalu Silanga wa CCM huko Itilima, eneo lililokuwa la Bariadi Mashariki.

Jimbo la Kahama liligawanywa kuwa Kahama Mjini na Ushetu. Mwaka 2015 wapiga kura wa Nyahanga walilikuta tena jina la Lembeli kwenye karatasi, safari hii kama mgombea wa CHADEMA. Kiti kilikwenda kwa mfanyabiashara Jumanne Kishimba wa CCM.