Spika kubwa za sakafuni: somo nililopewa na obokano

Leo naweka kodi kando kidogo tuzungumze kuhusu spika.

Nilikwenda nyumbani Nyamira kumwona mzee. Ujanani alikuwa akipiga obokano, kwa hiyo nilimbebea rekodi moja nzuri kwenye simu, nikaipiga kwa spika ndogo ya bluetooth. Tata (ndivyo Wagusii tunavyomwita baba, kwetu neno "baba" ni mama, usishangae) alisikiliza kidogo, kisha akauliza: "Mura, nyuzi nene ziko wapi?"

Nilidhani ni masikio ya uzee. Baadaye nikalikagua faili kwenye kompyuta: sauti za chini zote zilikuwemo. Spika ndiyo iliyozimeza! Nikaamua kumnunulia spika kubwa za kusimama sakafuni. Lakini kwanza nikasoma historia yake, nisije nikatapeliwa.

Kwa wasioijua, obokano ni kinubi kikubwa cha Wagusii chenye nyuzi 8 na mwili wa mti uliochongwa na kuwambwa ngozi. Nyatiti ya jirani zetu Wajaluo ina nyuzi 8 pia, ila mwili wake ni mdogo na sauti yake iko juu. Wengi huifananisha obokano na dabo besi, lile fidla refu la kusimama. Siri ni moja: ukitaka sauti nzito, lazima usukume hewa nyingi, na kusukuma hewa nyingi kunataka mwili mkubwa. Mafundi wetu walilijua hilo bila kikokotoo.

Wazungu nao walilifikia kwa hatua. Mwaka 1925 Chester Rice na Edward Kellogg wa General Electric, Marekani, walieleza spika ya koni na koili ambayo ndiyo mama wa spika nyingi za leo. Tatizo lilikuwa hili: koni ikisukuma hewa mbele, nyuma inaivuta. Mawimbi hayo mawili yakikutana, besi inajiua yenyewe. Ndiyo sababu spika inawekwa ndani ya sanduku.

Mwaka 1946 Paul Klipsch alitoa Klipschorn, sanduku kubwa kama kabati ambalo hukaa kwenye kona na kuzitumia kuta za chumba kama sehemu ya pembe yake. Mwaka 1954 Edgar Villchur, akishirikiana na Henry Kloss, akaleta AR-1: sanduku dogo lililozibwa kabisa, na besi ikatoka! Bei yake ilikuwa nguvu. Ilihitaji amplifaya ya wati nyingi zaidi. Halafu mwaka 1961 Neville Thiele wa Australia akatoa hesabu za sanduku lenye tundu, ambalo awali lilitengenezwa kwa kubahatisha sana. Richard Small akaziendeleza miaka ya 1970. Spika nyingi za sakafuni utakazoziona leo zina tundu hilo.

Josef Anton Hofmann, aliyekuwa mshirika wa Kloss katika kampuni ya KLH, aliyajumlisha yote kwa kanuni moja ambayo waandika programu wataipenda: besi ya chini, sanduku dogo, sauti kubwa kwa wati chache. Chagua mawili. Hakuna apdeti itakayokupa yote matatu.

Sasa turudi Kisii mjini, kwenye maduka. Utaona maboksi yameandikwa PMPO kwa maelfu ya wati. Puuza. Uliza usikivu wa spika: inatoa desibeli ngapi kwa wati 1, ukipima mita 1 mbele yake? Kila desibeli 3 zikipungua, unahitaji nguvu maradufu. Kwa hiyo kazi ambayo spika ya desibeli 91 inaifanya kwa wati 10, spika ya desibeli 85 itadai wati 40. Kwa mtu wa sola na betri, hiyo si hesabu ndogo.

Nilichagua ndefu, zenye tundu, desibeli 90. Sebule ya mzee ni sakafu ya saruji na kuta za matofali. Nilipozisukuma hadi kwenye kona, besi ilivuma kama pipa tupu, maana kuta huiongeza. Nikazivuta kama nusu mita mbele, nikaweka chini ya kila moja bamba la jiwe la Tabaka, lile la kuchongea vinyago. Ni zito na haliyumbi. Mama akatundika blanketi ukutani. Sauti ikatulia.

Nikapiga ile rekodi tena. Mzee alifumba macho, vidole vikitembea juu ya goti. Baada ya muda akasema, "Huyu uzi wake wa pili umelegea." Sikuwa nimesikia chochote! Aliendelea kumkosoa mpigaji hadi saa kumi, mvua ya Nyamira ilipoanza kupiga mabati. Hapo tukazima. Hakuna spika inayoshinda mabati.

Ushauri wangu basi: ukienda dukani, beba wimbo unaoujua vizuri na, ikiwezekana, mtu aliyewahi kuupiga. Na usione haya kununua sanduku kubwa.

Tukutane tena, nikirudi kwenye kodi.