Kinoru, Embu na orodha ya FIFA: siasa ya kuchagua mpinzani

Juni 7, 2024, timu ya taifa ya Kenya, Harambee Stars, ilikuwa mwenyeji wa Burundi katika mechi ya kufuzu kwa Kombe la Dunia la 2026. Uwenyeji huo ulikuwa wa karatasini. Mechi ilichezwa uga wa Bingu jijini Lilongwe, Malawi, ikaisha 1-1. Siku nne baadaye, uwanjani humo humo, Kenya iliwabana mabingwa wa Afrika, Côte d'Ivoire, kwa sare ya 0-0. Shabiki wa Meru au Embu aliyetamani kuona mabingwa hao wakikwama mbele ya timu yake alihitaji pasipoti na nauli ya kuvuka Tanzania nzima. Kisa ni kwamba Kenya haikuwa na uga hata mmoja ulioidhinishwa na Shirikisho la Soka Afrika, CAF.

Kila orodha ya FIFA inapotoka na Kenya kujikuta nje ya 100 bora, lawama huwaangukia washambuliaji, kocha na maafisa wa shirikisho. Baadhi ya lawama hizo ni za haki. Lakini ukiifuata historia ya orodha yenyewe, utaona kwamba cheo cha timu huamuliwa pia na mambo yanayopangwa ofisini kabla ya kipenga: inacheza na nani, lini, na wapi. Kwenye swali hilo la tatu, watu wa mashariki mwa Mlima Kenya wana malalamiko ya kweli.

Zamani mpinzani hakuchaguliwa, alitolewa na reli. Mwaka 1926 Kenya na Uganda zilianza kugombania Kombe la Gossage, lililopewa jina la kampuni ya sabuni ya Uingereza. Tanganyika iliingia katika miaka ya arobaini, kisha Zanzibar ikafuata, na kwa miongo mingi jirani alicheza na jirani. Hapakuwa na orodha ya dunia. Uganda akikushinda, ulijua yuko juu yako hadi mwaka ujao. Mashindano hayo ndiyo yaliyozaa michuano ya CECAFA ya Afrika Mashariki na Kati tunayoijua, ambayo Kenya ilitwaa kombe lake mara tatu mfululizo, 1981, 1982 na 1983.

FIFA ilianza kupanga timu za taifa kwa pointi Desemba 1992. Mwanzoni wengi waliiona kama burudani ya magazeti. Uzito wake ulionekana pale orodha ilipoanza kutumiwa kugawa timu kwenye vyungu vya droo. Ukiwa chungu cha juu unawakwepa vigogo; ukiwa chini unakabidhiwa wawili kwa mpigo. Hapo cheo kikageuka mali, na mali huwa na wajanja wake.

Kanuni iliyotumika kuanzia 2006 hadi 2018 inafaa kutazamwa kwa karibu, kwa sababu ndiyo iliyotuumiza. Ushindi ulikuwa pointi 3. Pointi hizo zilizidishwa kwa uzito wa mechi: 1 kwa ya kirafiki, 2.5 kwa ya kufuzu. Kisha zikazidishwa kwa nguvu ya mpinzani, yaani 200 ukitoa nafasi yake kwenye orodha. Mwisho zikazidishwa kwa kipimo cha bara. Katika miaka ya mwisho ya kanuni hiyo, Amerika Kusini ilipewa 1, Ulaya 0.99, na Afrika 0.85.

Chukua kalamu. Kenya ikimpiga katika mechi ya kirafiki jirani aliye nafasi ya 140, ilivuna 3 mara 1 mara 60 mara 0.85, yaani pointi 153. Timu ya Ulaya ikimshinda mwenzake wa nafasi ya 20 katika mechi ya kufuzu, ilivuna 1,336.5. Hiyo ni karibu mara tisa kwa dakika 90 zilezile. Na majirani zetu wengi wa CECAFA walikuwa chini kabisa ya orodha, mahali ambapo yeyote wa nafasi ya 150 kwenda chini alihesabiwa kuwa na nguvu ya 50 tu. Tulikuwa maskini tunaokopeshana umaskini. Kipimo cha 0.85 hakikustahili kuwepo hata siku moja, kwani kilimwadhibu mchezaji kwa bara alilozaliwa.

Zaidi ya hayo, pointi za kila mwaka zilitafutiwa wastani, kwa hiyo mechi ya kirafiki, hata uliyoshinda, iliweza kukushusha. Poland waliligundua hilo na kulitumia. Baada ya Euro 2016 walizikwepa karibu mechi zote za kirafiki, wakabaki na zile za kufuzu zenye uzito mkubwa. Orodha ya Oktoba 2017 ilipotumiwa kwa droo ya Kombe la Dunia la Urusi, Poland walikuwa chungu cha kwanza pamoja na Ujerumani na Brazil, huku Uhispania, waliotwaa kombe hilo 2010, wakiachwa chungu cha pili. Kwenye uwanja mambo yalikuwa mengine. Juni 19, 2018, Senegal waliwachapa Poland 2-1, na Poland wakamaliza mkiani mwa kundi lao. Inauma kwamba Senegal nao waliondolewa katika kundi hilohilo kwa idadi ya kadi za njano.

Wamarekani wanaujua ugonjwa huu kwa muda mrefu kuliko sisi. Katika futiboli yao ya vyuo vikuu, wanahabari wa shirika la Associated Press wamekuwa wakitoa orodha ya timu bora kabla ya msimu kuanza tangu 1950, mpira ukiwa bado haujaguswa. Vyuo vikubwa huvilipa vidogo kuja kucheza kwao, na chuo kidogo kikishinda kila mechi huambiwa kilicheza na wanyonge. Chuo Kikuu cha Central Florida kilimaliza msimu wa 2017 kikiwa kimeshinda mechi zote 13, lakini hakikuingizwa kwenye timu nne zilizogombania ubingwa. Kamati haikuridhika na ratiba yake, na vyuo vyenye majina havikuwa na sababu ya kukipa ratiba bora.

Kenya kwa upande wetu haijawahi kuwa na ujanja wa Poland. Nafasi mbaya zaidi tuliyowahi kushika ni ya 137, Julai 2007. Miezi michache kabla, tulikuwa kifungoni: FIFA ilitusimamisha Oktoba 2006 kwa vurugu za uongozi wa soka, ikatufungulia Machi 2007. Chini ya kanuni ile, timu isiyocheza kabisa ilinyauka. Mwaka uliofuata kocha Francis Kimanzi aliiongoza timu ya kina Dennis Oliech katika mechi za kufuzu, zenye uzito wa 2.5, na Desemba 2008 Kenya ikafika nafasi ya 68. Hatujapanda tena hadi hapo. Wachezaji wengi walikuwa walewale waliokuwa wa 137. Tofauti kubwa ilikuwa kupata mechi za maana, na kuzicheza nyumbani.

Agosti 2018 FIFA ilibadilisha hesabu na kuazima mtindo wa Arpad Elo, mwanafizikia aliyeutunga kwa ajili ya mchezo wa sataranji. Sasa kila mechi huongeza au hupunguza pointi kulingana na matarajio. Mechi ya kirafiki ndani ya dirisha la FIFA ina uzito wa 10, ya kufuzu 25. Ukimshinda aliyekuzidi pointi 200 katika mechi ya kirafiki unapata karibu 6.8, ukitoka naye sare bado unaokota karibu 1.8. Ukipigwa unapoteza 3.2 tu. Geuza sasa: wewe ndiye uliyemzidi mwenzako kwa pointi 200. Ukimshinda unapata 3.2, akikuchapa anakunyang'anya 6.8. Kipimo cha bara kilifutwa. Hiyo ni haki tuliyoingoja kwa miaka mingi, na naipongeza.

Septemba 2023 ilitufundisha hesabu hiyo kwa vitendo. Tarehe 7 Kenya iliwashinda Qatar 2-1 kwao Doha, jiji ambalo nahodha Michael Olunga alikuwa akichezea klabu ya Al-Duhail. Siku tano baadaye, Kasarani, mbele ya mashabiki wake, Kenya ikafungwa 1-0 na Sudan Kusini. Kilichoingia kwa mlango wa Doha kilitokea kwa mlango wa Kasarani.

Mwezi uliofuata ukaja mwaliko ulioonyesha siasa ya ratiba bila kificho. Urusi, iliyofungiwa mashindano ya FIFA na UEFA tangu Februari 2022 kwa sababu ya vita vya Ukraine, ilikuwa ikitafuta yeyote atakayekubali kucheza nayo. Timu nyingi za Ulaya zilikataa. Oktoba 16, 2023, Kenya iliingia uwanjani Antalya, Uturuki, ikatoka nao sare ya 2-2. Sitawalaumu vijana waliovaa jezi siku hiyo. Walicheza kwa moyo. Nauliza tu kwa nini nchi yenye watu zaidi ya milioni 50 ilikuwa ikingoja kualikwa. Jibu ni kwamba tulikuwa tumetoka kifungo kingine, cha Februari hadi Novemba 2022, kilichotunyima mechi za kufuzu kwa Kombe la Afrika, na tulikuwa hatuna uga wa kualika mtu kwa mechi ya mashindano.

Hapo ndipo Kinoru inapoingia. Kenya ilipopewa fainali za 2018 za CHAN, michuano ya Afrika ya wachezaji wa ligi za ndani, uga huo wa mjini Meru uliwekwa kwenye orodha pamoja na Kasarani, Nyayo na Kipchoge Keino cha Eldoret. Lilikuwa jambo kubwa. Tangu uhuru soka ya taifa ilikuwa ya Nairobi, na kwa nadra ya Mombasa, Kisumu au Machakos. Mkazi wa Nkubu, Chuka au Runyenjes alizoea kupanda matatu alfajiri hadi Thika Road, ambako Kasarani, iliyojengwa kwa Michezo ya Afrika ya 1987, humpokea kabla hajafika katikati ya jiji. Sasa kwa mara ya kwanza aliambiwa bara zima litamfuata yeye.

Septemba 23, 2017, CAF iliipokonya Kenya mashindano hayo kwa sababu viwanja havikuwa tayari, na Morocco ikayachukua mwezi uliofuata. Haikuwa aibu ya kwanza: Kombe la Afrika la 1996 pia lilikuwa letu kabla ya kuhamishiwa Afrika Kusini. Desemba 2017 tukaandaa CECAFA, na Kinoru haikupata hata mechi moja. Fainali ilikuwa Machakos, Kenya ikatoka 2-2 na Zanzibar na kushinda kwa penalti. (Kwenye hesabu za FIFA fainali hiyo ni sifuri, maana Zanzibar si mwanachama wake. Kipa na mabeki wa visiwani waliopigana siku ile walistahili kuhesabiwa.)

Juni 1, 2018, Kinoru ilifurika hatimaye. Rais Uhuru Kenyatta aliongoza sherehe za Madaraka pale. Miaka mitano baadaye, Juni 1, 2023, ikawa zamu ya Moi Stadium, Embu, chini ya Rais William Ruto, katika Madaraka ya 60. Viwanja viwili vya eneo moja vilitengenezwa, gwaride likapita, ndege za kijeshi zikapita, hotuba zikasomwa. Timu ya taifa haijawahi kucheza mechi ya kufuzu katika chochote kati ya viwili hivyo. CHAN ilipokuja kweli Agosti 2025, mechi za Kenya zote zilikuwa Kasarani, na tuliona ushindi dhidi ya Morocco ukitikisa jiji. Fikiria sauti ile ikipanda kuelekea mlimani.

Najua hoja ya wanaopinga. CAF inadai taa, vyumba vya kubadilishia nguo, viti vyenye nambari, hoteli na uwanja wa ndege ulio karibu. Kwa mechi za kufuzu hoja hiyo ni nzito, na serikali za kaunti mbili hizi zina kazi ya kuijibu kwa saruji na nyaya. Lakini mechi ya kirafiki haihitaji yote hayo. Mashirikisho mawili hukubaliana mahali. Na kwa kanuni ya sasa, mechi hiyo ikichezwa ndani ya dirisha la FIFA, ina uzito wa 10, iwe Doha, Antalya au Meru.

Kwa hiyo Shirikisho la Soka Kenya, FKF, chini ya uongozi uliochaguliwa Desemba 2024, inaweza kuanza na mpinzani aliye karibu. Uganda wamekuwa juu yetu kwenye orodha kwa miaka kadhaa, kwa hiyo sare inatupa pointi na ushindi unatupa zaidi. Wanafika Meru kwa saa chache za barabara kutoka Nairobi, kupitia Embu na Chuka. Wapewe tarehe, na tiketi zianze kuuzwa Kinoru.