Meno ya Ota Benga

Ku Golf kijana akicheka na apareyi ku meno, tunajua wazazi balilipa dola. Ile kazi ilipata shule yake ya kwanza mwaka 1900, mu muji wa St. Louis, Marekani. Edward Angle, mwenye kuifungua, mu 1899 alikuwa ameshagawa meno yenye kukutana vibaya mu mafungu 3, akiangalia magego.

Mu 1904, muji ule ule, batu balikuja kuangalia meno ya Mukongo mwenzetu, Ota Benga, yenye kuchongwa. Kwao njo urembo! Mu 1906 bakamuweka mu zoo ya Bronx, nyumba ya nyani. Kisha, kule Lynchburg, meno yakafunikwa, afanane na bengine. Mwezi wa tatu 1916, inasimuliwa, alivunja vile vifuniko, akajiua.