Sauti ya stereo kwenye bajaji: kwa nini spika kubwa haitoshi

Pale njia panda ya Soni, barabara ya Lushoto inapoachana na ile ya Bumbuli, bajaji nyingine husikika kabla hazijaonekana. Ukipanda, mambo ni mengine. Abiria wa nyuma anazibwa masikio, dereva mbele anasikia mngurumo tu, na maneno ya mtangazaji hayashikiki. Dereva anaongeza sauti, kesho ananunua spika kubwa zaidi, na tatizo linabaki pale pale.

Katika makala hii tunaeleza kwa nini inakuwa hivyo, na nini cha kufanya kabla ya kumpelekea fundi fedha nyingine.

Bajaji haina kuta

Ndani ya gari lenye vioo, sauti hugonga milango na paa, ikarudi masikioni. Hata besi ya spika ndogo hujaa. Bajaji ina kioo cha mbele na turubai juu, lakini ubavuni iko wazi. Sauti inatoka na kwenda zake, besi ikitangulia. Hapo hapo kuna kelele za injini iliyoko nyuma na upepo unaoingia mbele.

Kuongeza nguvu ya amplifaya kunasaidia kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Ukitoka wati 25 kwenda wati 50, unaongeza desibeli 3 tu, tofauti ambayo sikio linaitambua kwa shida. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, unahitaji nguvu mara 10 hivi. Betri ya bajaji haiwezi kubeba mzigo huo.

Sogeza spika karibu na sikio

Mahali pa wazi, ukipunguza umbali wa spika kutoka mita 1 hadi nusu mita, sauti inaongezeka kwa desibeli kama 6. Hiyo ni sawa na kuzidisha nguvu ya amplifaya mara nne, na hujalipa hata senti.

Mafundi wengi hufunga spika nyuma ya kiti cha abiria kwa sababu ndiko kwenye nafasi. Dereva anakuwa mbali, naye ndiye mwenye kuongeza sauti. Abiria wanaumia kwa niaba yake. Ni bora kufunga spika mbili za inchi 4 au 5 mbele, moja kushoto na moja kulia, zikielekezwa usoni kwa dereva na si magotini. Kwa abiria, spika mbili ndogo za sauti ya chini zinatosha.

Hapa bajaji inalishinda gari. Stereo ni sauti mbili tofauti, ya kushoto na ya kulia, na hunoga pale msikilizaji anapokuwa katikati ya spika zote mbili. Dereva wa gari hukaa upande mmoja. Dereva wa bajaji hukaa katikati kabisa.

Unaponunua, usiangalie wati pekee. Angalia pia desibeli zilizoandikwa kwenye boksi au karatasi ya spika. Spika ya desibeli 92 inatoa kwa wati 10 sauti ile ile ambayo spika ya desibeli 86 inaitoa kwa wati 40. Kwa mvua na ukungu wa milima yetu, chagua yenye koni ya plastiki, kwa kuwa ya karatasi hunywa maji na kuchanika.

Boksi na nyaya

Spika inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Isipokuwa na boksi, hewa ya mbele inazunguka na kujaza pengo la nyuma, na besi inakufa. Ndiyo maana spika iliyofungwa juu ya bati tupu hulia kama kopo. Tengeneza boksi dogo la mbao ngumu, ziba kila upenyo kwa gundi, weka sponji kidogo ndani, kisha likaze kwa bolti kwenye chuma cha bodi ili lisitetemeke.

Hakikisha chanya na hasi za spika zote mbili zimeungwa sawa. Moja ikigeuzwa, wakati hii inasukuma nyingine inavuta, na besi inapotea. Ili kutambua chanya, gusisha mara moja nyaya za spika kwenye betri ndogo ya volti 1.5, kabla spika haijaungwa kwenye redio. Koni ikitoka nje, waya uliogusa chanya ya betri ndio chanya ya spika.

Waya wa umeme utoke moja kwa moja kwenye betri, na fyuzi iwekwe karibu kabisa na chanya ya betri. Waya ukichubuka na kugusa chuma bila fyuzi, unaweza kuwasha moto, na chombo kina petroli. Kama redio inalia mlio unaopanda na kushuka pamoja na injini, tenganisha nyaya za spika na za plagi, na uunge hasi zote sehemu moja.

Kumbuka pia kijiweni injini imezimwa. Mzigo wa ampea 4 kwa saa 5 ni Ah 20. Betri iliyoandikwa Ah 32 inakuwa imepoteza zaidi ya nusu, na jioni bajaji inasukumwa.

Milimani, mono huwa bora

Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka. Mlima ukikaa kati yako na mtambo, yanafika dhaifu, na mengine yanafika yakiwa yamegonga mlima mwingine kwanza. Matangazo ya stereo yanahitaji mawimbi yenye nguvu zaidi kuliko ya mono. Ndiyo sababu ukiingia bondeni redio inaanza kuchakaza. Bonyeza kitufe cha mono kama kipo: utapoteza kushoto na kulia, lakini utapata maneno.

Antena ya sentimita 75 hivi, iliyosimama wima na kufungwa kwenye chuma badala ya turubai, inasaidia sana.

Kiasi gani kinatosha?

Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe saa 40 kwa wiki kwenye sauti ya desibeli 80. Ikifika 90, muda huo unashuka hadi saa 4. Dereva anayefanya kazi saa 10 kwa siku, siku sita, anafikisha saa 60. Sikio likishaharibiwa na kelele, halirudi kama zamani.

Kuna na barabara yenyewe. Kati ya Mombo na Soni kona ni nyingi, na honi ya lori huenda ndiyo taarifa pekee unayopata kabla ya kukutana nalo. Kwa sababu hiyo, spika za masikioni si mbadala kwa dereva, hata kama zina stereo safi kuliko zote.

Fundi akimaliza, washa injini na uweke sauti unayoipenda. Mtu akae kiti cha nyuma aseme "shusha" kwa sauti ya kawaida. Usipomsikia, punguza hadi umsikie, kisha weka alama ya kalamu kwenye redio. Hapo ndipo mwisho wako ukiwa barabarani.