Kitalu cha miche
Kitalu cha miche ni mahali pa kuoteshea mbegu kabla ya miche kuhamishiwa shambani. Katika nchi za baridi, ambako mchana huwa mfupi mwishoni mwa kipupwe, miche huoteshwa ndani ya nyumba chini ya taa zinazowaka saa 14 hadi 16 kwa siku. Lakini Kamina, makao makuu ya jimbo la Haut-Lomami, iko karibu nyuzi 9 kusini mwa ikweta. Huko mchana hudumu takriban saa 12 mwaka mzima, hivyo taa hazihitajiki. Kinachohitajika ni kivuli: mbegu za nyanya au kabichi husiwa tutani kwa mistari, chini ya kichanja cha nyasi. Baada ya wiki 4 hadi 6, kivuli na maji hupunguzwa hatua kwa hatua ili miche ikomae, kisha hupandikizwa jioni.